Mgeni wa Siku Arobaini

Kuna wakati niliamini, kama mtu anavyoamini kwamba kesho jua litachomoza, kuwa Mzungu akilala katika nyumba moja siku arobaini mfululizo, nyumba hiyo inakuwa yake kwa sheria. Si kwa kununua. Kwa kulala tu. Siku ya thelathini na tisa ni mpangaji, ya arobaini anaamka mwenye nyumba, na wewe uliyemfungulia mlango unakuwa mgeni wake.

Habari hiyo niliipata kwa kinyozi. Lazima nieleze kwamba kinyozi wetu alinyoa kwa wembe, na habari zake nzito alizitoa wakati wembe uko kooni mwa mteja. Nani atabisha hapo? Aliniambia kwamba huko Watamu mzee mmoja alimpa Mjerumani chumba, wakala pamoja, wakacheka pamoja, na siku ya arobaini na moja yule mzee akaambiwa akitaka kuingia ukumbini mwake mwenyewe apige hodi. Nilitaka kuuliza mzee huyo ni nani, lakini nilikuwa nimenyolewa shavu moja tu, na mtu wa shavu moja hana sauti.

Hii ilikuwa Malindi, katika miaka ya themanini. Nilikuwa nimeteremka kutoka bara kutafuta kazi, nikapata ya udobi katika hoteli moja ya ufukweni. Shuka nilizofua katika hoteli ile zikiunganishwa zitafika Nairobi na kurudi, na zile za kurudi zitakuwa zimepigwa pasi. Chumba nilipanga nyuma ya soko, katika nyumba ya mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, mlango wa mbao nzito, ukumbi katikati, vyumba viwili huku na viwili kule, na nyuma ua wenye jiko, stoo na choo. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga, kwa boriti na udongo na chokaa, kuti juu. Bi Mkubwa alilala chumba cha nyuma. Kinyozi alipanga cha mbele na kunyolea watu barazani. Mimi nilikuwa mkabala wake. Chumba cha nne alikaa mama wa mahamri, na kwa sababu yake sisi wengine hatukuhitaji saa. Harufu ya iliki ikipita chini ya mlango, ujue ni wakati wa kwenda kazini.

Bi Mkubwa alinipokea, Mkristo wa bara niliyekuwa nikikiponda Kiswahili kama mtu anayetwanga kisamvu, kwa masharti mawili: pombe isiingie ndani, na asubuhi nisimpite bila shikamoo. La pili nililitimiza kila siku. La kwanza nililitimiza karibu kila siku.

Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima, yale tuliyoyaita ngumbaru. Tulisomea darasa la watoto wadogo, magoti yetu yakigonga madawati, na nyuma yangu alikaa mzee wa kijiji cha Ganda, nje ya mji, ambaye alikuwa na wajukuu katika shule hiyo hiyo mchana. Mwalimu wetu alikuwa karani wa serikali. Mchana aligonga mihuri katika afisi ya mkuu wa tarafa, jioni alitufundisha. Alikuwa mtu mkavu. Hakusifu na hakutukana. Nilipohitimu aliniambia, "Umefaulu," basi, kama mtu anayekwambia kiatu chako kimefunguka. Lakini Bi Mkubwa alikichukua cheti changu, akakitundika ukumbini pembeni ya kalenda, na akipita mtu alimwonyesha. Tangu siku hiyo nikawa wakili, daktari na mtabiri wa mvua wa nyumba ile. Barua zote za mtaa nilisoma mimi. Barua ikiwa fupi mno niliiongezea kidogo, ili mtu asione kwamba stempu imeharibika bure.

Jambo moja la nyumba ile sikulielewa, na sikujua kwamba sikulielewa. Kila mwaka Bi Mkubwa alivaa buibui lake jipya, akajifukiza udi, akatoka kwenda kulipa kodi ya kiwanja kama mtu anayekwenda harusini. Akarudi na stakabadhi, akaitia katika mkebe wa biskuti, mkebe akaurudisha chini ya kitanda.

"Bi Mkubwa," nilimwuliza siku moja, "unalipia kodi nyumba yako mwenyewe?"

"Nyumba ni yangu. Ardhi ina wenyewe, wako Mombasa."

"Nyumba itakuwaje yako, na ardhi iliyoikalia si yako?"

Akanitazama kwa huruma ile wanayotutazama nayo watu wa pwani. "Chungu changu kikikaa kwenye mafiga ya jirani, mwanangu, mchuzi ni wa nani?"

"Wako."

"Basi kula ulale."

Kwetu bara nyumba na ardhi ni kitu kimoja. Nikaona haya ni maneno mazuri tu ya pwani, nikala, nikalala.

Sasa, kila mwaka wakati wa kaskazi, Wazungu walifanya mashindano yao ya kuvua samaki wakubwa. Samaki alipandishwa kwenye mti, akapimwa, akapigwa picha na mvuvi wake. Niliwahi kumwona sulisuli mmoja ambaye mkia wake ulikuwa gatini na mdomo wake, nadhani, ulikuwa umeshafika kituo cha basi. Wageni waliokuja walikuwa wengi hivi kwamba nilidhani Ulaya wamebaki mbwa peke yao kulinda nyumba. Hoteli zikajaa. Katika hoteli yangu walilaza watu wawili wenye heshima zao katika stoo ya mafagio. Ndipo wasimamizi wakaanza kuingia mitaani kutafuta vyumba.

Bi Mkubwa alituita ukumbini, mimi, kinyozi na mama wa mahamri. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatutazami usoni.

"Wanangu, nina jambo. Ni la wiki moja tu. Wamekuja watu wa hoteli, wanataka vyumba."

"Vyumba vipi?" kinyozi akauliza.

"Vyumba vyenu."

Kuku mmoja akaingia kutoka uani, akatutazama, akatoka.

"Bi Mkubwa," kinyozi akasema, "na mimi nitanyolea wapi?"

"Baraza si chumba. Nyoa. Lakini ufagie, usiwaachie wageni nywele za watu mlangoni wakadhani tunafuga mbuzi."

"Na msomi wako huyu je, na cheti chake?"

"Cheti kitabaki ukutani. Yeye ataondoka." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikashuka. "Baba, tazama juu."

Nikatazama. Kwenye kuti palikuwa na matundu ambayo mchana yalitupa mwanga wa kutosha kusomea gazeti.

"Miaka yote umelala chini ya paa hili," akasema, "na miaka yote halijapata kuti jipya. Wiki moja ya hawa watu inaezeka upande mzima. Niambie nifanye nini, wewe uliyesoma."

Nilifunga godoro langu, nikaenda kulala hotelini katikati ya marundo ya shuka, ambako niliota kila usiku kwamba nimekufa na nimekwenda mbinguni, na mbinguni kunanuka sabuni. Kinyozi alikwenda kwa mjomba wake Ganda. Mama wa mahamri alikwenda kwa binti yake. Baada ya wiki tulirudi, vyumba vikinuka yale mafuta wanayojipaka wakitaka kuungua vizuri. Nusu ya paa ilikuwa mpya. Tulicheka, tukapika pilau, tukasema: kumbe si vibaya.

Mwaka uliofuata ikawa wiki mbili. Wa baada yake, mwezi. Mama wa mahamri alimwambia Bi Mkubwa kwa adabu kwamba amechoka kubeba sufuria kichwani kila kaskazi, akahama moja kwa moja. Nilianza kuchelewa kazini. Kinyozi naye akabaki Ganda, asubuhi akija kwa baiskeli, kiti chake kimefungwa nyuma kama abiria. Mimi nilihamia stoo ya uani, pamoja na nazi. Usiku nazi zilibingirika zenyewe. Nilizizoea, nazo zikanizoea.

Hapo ndipo alipokuja yule mzee wa Kitaliano.

Alikuja kwa ajili ya mashindano, na kitu pekee alichovua miaka yote ile ni viatu, mlangoni kwa Bi Mkubwa. Alikuwa mtu mpole, mrefu, kofia ya ukindu, Kiswahili cha maneno kumi, manane kati yake yakiwa majina ya vyakula. Mashindano yalipokwisha hakuondoka. Alisema, kwa mikono zaidi kuliko mdomo, kwamba angependa kukaa mpaka masika yaingie. Bi Mkubwa alikubali. Alikuwa bado na nusu ya pili ya paa.

Ni wiki hiyo hiyo kinyozi aliponiwekea wembe kooni na kunipa ile habari ya siku arobaini.

Nilitoka pale mbio, sabuni bado masikioni, nikamkuta Bi Mkubwa anakuna nazi.

"Bi Mkubwa, kuna sheria." Nikamweleza yote: siku thelathini na tisa, siku ya arobaini, mzee wa Watamu, hodi.

Alisimamisha mkono juu ya mbuzi. "Imeandikwa?"

Hapa ningeweza kusema: nimeisikia kwa kinyozi. Ningeweza kwenda kwa mwalimu, hatua mia tano kutoka pale, nikamwuliza. Lakini cheti kilikuwa kinanitazama kutoka ukutani, na mtu mwenye cheti haendi kuuliza mambo ambayo ameshayasema.

"Imeandikwa, Bi Mkubwa," nikasema.

Akaamini. Kwa nini asiamini? Siku zile neno lililosikika sana mitaani ni kwamba mtu akikaa mahali muda wa kutosha, mahali panakuwa pake. Wengine walisema miaka mingi, wengine michache. Huku wenye nyumba hawana ardhi na wenye ardhi wako mbali, watu walilitafuna neno hilo kama tambuu. Arobaini ilikuwa hesabu tunayoijua: mzazi ana arobaini yake, maiti ana arobaini yake. Mzungu naye angekosaje?

Basi nikatundika kamba ya usumba wa nazi nyuma ya mlango wa jiko, na kila asubuhi nikapiga fundo moja. Fundo la thelathini na tisa lilipofika, nilikwenda nyumba ya mkabala, ambayo nayo ilikuwa na mgeni wake aliyekaribia hatari, tukakubaliana: jioni kabla ya magharibi mgeni wetu ahamie kwao kwa usiku mmoja, wao watuletee wa kwao, kesho yake kila mmoja arudi. Hesabu ikatike, tuanze fundo la kwanza.

Mzee wa Kitaliano alipoambiwa achukue godoro avuke njia, hakuuliza kitu. Alifurahi. Aliweka godoro kichwani, akashika kofia mkononi, akavuka. Kutoka upande wa pili mwanamke wa Kiswisi naye akaja na mto na chandarua. Wakapishana katikati, wakasalimiana kwa heshima kama mabalozi wa nchi mbili. Akina mama waliokuwa kibarazani, kwa kuona godoro linapita na watu wamelifuata kama la harusi, wakapiga vigelegele. Sijui nani alianza, lakini kigelegele kikishaanza hakiulizi.

Wale wageni wakaona hii ni mila. Wakaona sisi watu wa mtaa ule, toka zama za mababu, tuna desturi ya kuhamisha wageni. Mzee akalisimulia hotelini, hotelini wakalisimulia kwao, na kaskazi iliyofuata watu walifika nyuma ya soko na masanduku yao, wakiuliza: wapi ile nyumba ya kuhamishwa? Wengine walikuwa na siku kumi tu za likizo lakini walitaka nao kubeba godoro. Tuliwabebesha. Ilifika mahali kila Ijumaa palikuwa na godoro njiani, na kamera zilikuwa nyingi hata mbuzi wa mtaa walijifunza kusimama vizuri.

Nilijiona shujaa. Nilitembea mtaani mikono nyuma. Kila nyumba sasa ilikuwa na kamba yake ya mafundo, na kila kamba ilikuwa imetoka kwangu. Sikuona kitu kingine. Sikuona kwamba kila chokaa mpya iliyopakwa ukutani ilikuwa na familia iliyotoka nyuma yake. Fundi wa viatu alihama. Mwalimu wa chuo cha Kurani alihama, na watoto wakawa wanatembea mbali kwenda kusoma. Kisimani asubuhi nilikuwa nakuta watu watatu, na wawili kati yao ni wafagizi wa nyumba walizokuwa wakikaa. Nikimwuliza mtu, kila mmoja alikuwa na sababu nzuri, na kila sababu ilikuwa ya kweli: paa, ada ya shule, mgonjwa. Hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilimtafuta sana mtu wa kumkasirikia.

Ijumaa moja, godoro likiwa njiani, nilimwona bwana mmoja amesimama pembeni, suti ya safari, miwani ya jua, hana kamera. Alikuwa anahesabu hatua kutoka baraza yetu mpaka kona. Nikamkaribisha. Nikamletea soda baridi. Nikamweleza kwa lugha yangu ya ngumbaru, kwa mujibu wa hili na kwa kuzingatia lile, jinsi tunavyozilinda nyumba zetu zisichukuliwe na wanaolala.

Alicheka mpaka soda ikamwingia puani. "Nyinyi watu mna akili sana," akasema.

"Tunajaribu."

"Na hii nyumba ni ya nani?"

"Ya Bi Mkubwa, tangu mumewe aijenge."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye msimamizi wa ardhi. Nimetumwa na wenyewe wa Mombasa." Akanishukuru kwa soda, akaenda zake akiendelea kuhesabu hatua. Nikamwambia Bi Mkubwa nimeongea na mtu wa maana na amevutiwa mno na utaratibu wetu.

Kisha ikaja homa.

Ilikuwa kaskazi ya nne ya yule mzee wa Kitaliano. Kamba ilikuwa na mafundo thelathini na tisa. Alasiri nilipotoka kazini kumwambia ajiandae, nilimkuta kitandani anatetemeka kiasi kwamba kitanda kilikuwa kinatembea; kilikuwa kimeshafika karibu na dirisha. Malaria. Bi Mkubwa alikuwa amekaa kando yake, anamkanda paji la uso kwa kitambaa.

"Bi Mkubwa," nikamnong'oneza, "leo ni ya thelathini na tisa."

"Naijua."

"Tumbebe hivyo hivyo, mimi na kinyozi. Usiku mmoja tu."

"Mgonjwa hatolewi nyumbani kwangu."

"Bi Mkubwa, nyumba!"

Hakunyanyua macho. "Akifa njiani nikiwa nalinda nyumba, hiyo nyumba nitakaa ndani yake na nani? Nenda kaniletee maji."

Nikaenda nikaleta maji. Kesho yake nikapiga fundo la arobaini. La arobaini na moja. La arobaini na mbili. Siku ya tano mzee akainuka, akala uji, akambusu Bi Mkubwa mkono, na Bi Mkubwa akaenda kuuosha. Nilimkagua usoni. Hakuonekana kama mtu aliyepata nyumba. Alionekana kama mtu aliyepoteza kilo kumi. Lakini niliijua sheria. Sheria haiangalii uso.

Ile kamba niliitia motoni. Sikumwambia mtu mafundo yalifika mangapi. Kinyozi aliponiuliza, nikamwambia tumemhamisha mapema, uani, pamoja na nazi.

Baada ya miezi miwili msimamizi akarudi, bila kucheka, na karatasi. Aliniachia mimi niisome, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nikaisoma pale ukumbini, chini ya cheti changu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kusoma barua za watu, sikuongeza kitu. Ilisema ardhi imeuzwa. Mnunuzi ni mgeni, anakusudia kujenga nyumba za kukodisha watalii. Mwenye jengo ameombwa aliondoe kabla masika hayajaisha.

Bi Mkubwa aliniomba nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza: "Wamesema ni mgeni?"

"Wamesema ni mgeni."

"Haya," akasema, akaingia chumbani kwake, na nikamsikia akiuvuta ule mkebe chini ya kitanda, na akiurudisha.

Mimi nilijua ni mgeni gani. Nilijua na sababu. Fundo la arobaini.

Huku pwani, aliyejenga juu ya ardhi ya mtu akiambiwa aondoke, huondoka na alichokileta. Milango, madirisha, boriti, misumari akipenda. Tulianza na kuti jipya, ambalo lilikuwa bado linanuka mnazi. Lile lililotuhamisha vyumbani ndilo tuliloteremsha la kwanza. Halafu boriti, moja moja, kinyozi juu na mimi chini. Majirani waliobaki walisaidia, hawakuwa wengi. Kufikia siku ya tatu nyumba ilikuwa kuta tu, na mvua ya kwanza ikawa inanyesha ukumbini, palepale tulipopikia pilau. Fundi mmoja akataka kuubomoa na ukuta tuchukue mawe yaliyomo.

"Uacheni," Bi Mkubwa akasema. "Udongo si wetu."

Mlango ndio ulitutoa jasho. Watu wanne tuliubeba begani kutoka nyuma ya soko kwenda Ganda, ambako kinyozi alimwombea Bi Mkubwa pembe ya shamba la mjomba wake. Ninaapa ule mlango ulikuwa mzito kuliko nyumba yenyewe. Bi Mkubwa alitembea nyuma yetu, mkebe wa biskuti kwapani na cheti changu mkononi, akijibu salamu za watu njiani kama mtu anayetoka sokoni. Wageni wawili wakatupiga picha. Walitabasamu, walidhani tunahamisha mgeni.

Ganda tulimjengea chumba kimoja. Mlango ulikuwa mkubwa kuliko ukuta wa kuushika, ukaegemezwa pembeni, na kuku wakalala juu yake. Kila nilipokwenda kumsalimia, alinipa uji na kuniuliza habari za kazi, na hakuniuliza lile jambo. Angeuliza ningekufa. Kila aliponiita mwanangu nilisikia fundo linakaza. Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa kamba, na siku tatu tu, kwa malaria ya mtu mwingine, nilimpotezea nyumba.

Nilivumilia mpaka sikuweza. Asubuhi moja nikaomba ruhusa kazini, nikaenda afisi ya mkuu wa tarafa. Mwalimu alikuwa nyuma ya meza, anagonga mihuri.

"Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kukiri."

"Marahaba. Kukiri ni kanisani. Hapa ni afisi ya serikali. Kaa."

Nikakaa, nikamwaga yote: wembe, kamba, magodoro, homa, fundo la arobaini, la arobaini na moja, la arobaini na mbili. Aliacha kugonga mihuri.

"Nani alikwambia hayo ya siku arobaini?"

"Kinyozi."

"Na kinyozi aliambiwa na nani?"

"Sikumwuliza. Wembe ulikuwa kooni."

Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Hakuna sheria ya siku arobaini," akasema. "Haijapata kuwako. Mgeni wenu hata angelala miaka arobaini, angekuwa mgeni. Iliyopo ni ya miaka kumi na miwili, nayo ni ya mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwenzake bila ruhusa yake. Bi Mkubwa alikaa kwa ruhusa au bila ruhusa?"

"Kwa ruhusa!" nikasema kwa fahari. "Kila mwaka alilipa kodi ya kiwanja, hakuruka hata mmoja. Stakabadhi zote anazo kwenye mkebe."

"Basi kila stakabadhi inasema ardhi si yake. Mwenye ardhi ameuza ardhi yake. Aliyenunua si yule mzee. Yule mzee hana habari. Homa yake haikuongeza kitu, haikupunguza kitu."

Nje watu walikuwa kwenye foleni, kila mmoja ameshika karatasi yake.

"Mwalimu, na kama ningekuja kukuuliza tangu mwanzo? Ningefanya nini?"

"Hakuna," akasema, akachukua muhuri wake. "Ungejua tu."